Shule Niliyoifagia

Mtoto wa mbwa akiinyakua soksi yako na kuitikisa kushoto na kulia, msicheke sana, wanangu. Kwake yeye soksi hiyo imekwisha kufa. Ameivunja shingo.

Nasema haya kwa sababu ya Neema, binti anayekaa ghorofa ya juu yetu hapa Ganjoni, Mombasa. Ameletewa kijibwa na rafikiye, na juzi alinisimamisha kwenye ngazi, kijibwa miguuni, soksi iliyochanika mkononi.

"Shikamoo mzee. Hebu nitazamie huyu. Hajapata kumwona panya tangu azaliwe, nani kamfundisha ukatili huu?"

"Marahaba. Hakufundishwa na mtu. Kazaliwa nao."

"Ikiwa kazaliwa nao, basi mama yake alikuwa na kazi gani?"

Nilisimama pale na mfuko wangu wa machungwa kutoka Marikiti, nikacheka mpaka akadhani nimepatwa na jambo. Swali hilo hilo niliwahi kulijibu vibaya kwa miezi mitatu mfululizo, kwa bidii, kwa maandishi, na nusura litufukuzishe kazi, mimi na mbwa watano. Nikamwahidi kwamba nitaliandika, ili yeye na wenzake wenye kupenda mbwa wasome na wasifanye kama mimi.

Kazi yangu ilikuwa mtu wa mbwa. Ndivyo nilivyoitwa. Nilikaa katika godauni moja la mchele na nafaka upande wa Mbaraki mpaka magoti yalipokataa. Wengine walipima magunia, wengine waliyabeba, mimi nilikuwa na mbwa wa kukamata panya. Nilishuka kutoka Taita nikiwa kijana, sina cheti cha mbwa wala cha kitu kingine. Nilichokuwa nacho ni wasiwasi. Nilikuwa kijana wa kuamka mara mbili kuhakikisha mlango nimeufunga, na kuamka mara ya tatu kuhakikisha kwamba sikuufungua nilipokuwa nikihakikisha. Kila kitu nilitaka kiwe sawasawa, na nilipokosa mwalimu nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha mbwa wa askari nilichokinunua kando ya barabara. Kitabu kilikosa kurasa ishirini za mwanzo. Huenda kwenye kurasa hizo ndipo walipoandika jambo la maana.

Mwenye godauni alikuwa Bwana Swaleh, mtu wa Mji wa Kale, aliyekaa Ndia Kuu pamoja na mamake na paka wa mamake. Alikuwa mtu wa swala tano, na mbwa kwake ilikuwa kazi ya kufikiri. Pua ya mbwa iliyolowa ikigusa nguo yake, ilimlazimu kuosha mara saba, mara moja kwa mchanga. Basi kando ya bomba la uani palikuwa na kopo la mchanga safi, siku zote limejaa. Mbwa walikuwa na mlango wao, bakuli zao, na bomba lao. Na mbele ya ofisi yake, mahali alipotandika mswala, palipigwa mstari wa chokaa sakafuni. Mbwa hakuuvuka.

Pilipili hakuwahi kuuvuka. Alikuwa mbwa mdogo mwekundu, masikio yamesimama, kifua chembamba, na kazi aliyoifanya sijaiona tena. Akifika kwenye chokaa alipinda, akaufuata mstari hadi mwisho wake ukutani kama anayepita kando ya msikiti wakati watu wako ndani.

Acha niwaambie kwanza jinsi panya anavyowindwa godaunini, maana wengi wenu mnadhani mbwa anakimbia kimbia tu. Panya hukaa chini ya lundo la magunia, kwenye nafasi za mbao. Mahamali wanapoanza kuvunja lundo, kuondoa safu moja moja kutoka juu, panya hawatoki. Wanashuka. Kila safu ikiondoka wanazidi kushuka, wanabanana, mpaka ibaki safu ya mwisho, na hapo wote wako chini yake. Ukitia sikio utasikia sauti kama mvua nyepesi juu ya majani ya mgomba. Gunia la mwisho likinyanyuliwa, wanatoka wote kwa mkupuo. Mbwa anayebweka kabla ya hapo ni hasara. Mbwa anayekimbiza mmoja ukumbi mzima huku kumi wakipita ni hasara kubwa zaidi. Mbwa wa kazi hungoja, hukamata, hutikisa mara moja, huangusha, hugeukia wa pili. Na mtu wa mbwa hufunga mdomo. Mimi mdomo wangu ulichukua miaka kujifunza kufungika.

Pilipili akazaa wanne. Tuliwaita kwa majina ya bidhaa za godaunini: Dengu, Kunde na Kamande wakawa madume, na jike mmoja mdogo kuliko wote akaitwa Pojo. Mguu wa nyuma wa Pilipili ulikuwa umeanza kuwa mzito, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba wanne hawa ndio kazi ya kesho. Nami nikaona sasa wakati wangu umefika. Nitawafundisha kuanzia sifuri, bila kosa hata moja.

Sasa nakuja kwenye kuungama.

Wana walipofika majuma sita hivi, nikaanza kukuta panya mfu kwenye maskani yao kila asubuhi. Mama yao aliwaletea. Nilishtuka. Kitabu kilisema mazizi yawe safi. Nikachukua ufagio, nikamfagia panya, nikamwaga dawa, nikapiga deki. Kesho yake panya mwingine. Nikafagia. Walipofika miezi miwili nikawatenga na mama yao, nikawaweka kwenye kijumba cha wavu karibu na lango, ili asije akawaambukiza tabia mbaya kabla sijawapa nzuri. Pilipili akawa anakuja asubuhi anaangusha panya mbele ya wavu. Nikafagia. Nikamkemea. Alinitazama kwa uso wa mama aliyefika shuleni akakuta mlango umefungwa.

Kisha niliwaogesha. Niliwaogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya harufu, mpaka Kitsao, nyapara wa mahamali, akasimama langoni akashika kiuno.

"Mwakio, hawa wenda kazini au wenda harusini?"

"Usafi ni nusu ya kazi, Kitsao."

"Haya. Basi nusu nyingine wanusa nini, na pua zao zimejaa waridi?"

Niliona ananionea wivu.

Nilikuwa na daftari. Saa kumi na mbili na nusu, filimbi moja: kukaa. Filimbi mbili: kuja. Filimbi tatu: kukamata kitambaa nilichokifunga kwenye kamba. Kwenye mstari wa chokaa niliwapeleka wakiwa wamefungwa kamba, nikawaonya kwa kijiti, siku baada ya siku, nao waliuvuka siku baada ya siku wakitikisa mikia. Mbele ya kila jina niliandika alama. Dengu: mtiifu. Kunde: anapenda kitambaa. Kamande: ana nguvu, kelele nyingi. Pojo: mvivu, hafai. Na ukurasa wa mwisho niliandika juu ya mama yao, nikiwa na huruma ya mtu anayejua zaidi: Pilipili anazeeka. Siku hizi haui vizuri, panya anaowaleta bado wanatapatapa.

Kumbukeni sentensi hiyo.

Wana walikuwa wanakaribia miezi mitano Bwana Swaleh aliponiita. Alisimama upande wake wa chokaa, mimi upande wangu.

"Subalkheri, Mwakio. Wambaje?"

"Salama, bwana."

"Si salama. Magunia matatu yametobolewa. Pilipili mguu wake waniuma mimi kumtazama. Wanawe je?"

"Wako mafunzoni, bwana."

"Mafunzoni! Mtu akisikia adhani wataka kuwa marubani." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza, mwanangu. Shemeji yangu aniambia nitie sumu. Mimi sumu siitaki. Panya akila sumu afia ndani ya gunia nipelekalo nyumbani, paka wa mamangu amla, nami siku hiyo nitalala wapi? Lakini mchele si kitu cha kuchezea. Lundo la pembeni tutalivunja mwezi ukiandama. Siku hiyo nitasimama nione kwa mato yangu. Wakiweza, wakae. Wasipoweza, ntawatafutia pa kwenda, wao na mama yao, na sumu itiwe."

"Na mimi, bwana?"

"Mtu wa mbwa bila mbwa ni nani?" akaniuliza, na hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa anauliza kweli.

Zilibaki wiki tatu na siku chache. Mchana ule ule nikaamua kuwafanyia mtihani. Nilimwomba Kitsao aondoe magunia machache ya dengu karibu na lango, nikawapanga wana wangu wanne, filimbi mdomoni.

Akatoka panya mmoja. Mmoja tu, wala hakuwa na haraka. Dengu alinikimbilia, akakaa mbele yangu wima, akingoja filimbi. Kunde alikwenda kukitafuta kitambaa. Kamande alimfuata panya kwa kelele za kuamsha Likoni ng'ambo ya maji, akagonga kichwa kwenye mbao. Pojo akalala chini, kidevu sakafuni, akitazama. Na yule panya, Mungu ni shahidi yangu, alisimama katikati ya ukumbi akajipangusa masharubu.

Kitsao alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Aliponiona nimeinama, machozi yananilengalenga, akaacha. Alikuwa Mgiriama wa Ganze, mtoto wa watu wenye mbwa wa kuwinda, na miezi yote ile alikuwa ameninyamazia.

"Njoo ukae hapa, ndugu yangu," akasema. "Hebu niambie. Kila asubuhi waona nini mbele ya wavu ule?"

"Uchafu."

"Uchafu gani?"

"Panya."

"Mwanzo walikuwa panya gani?"

"Wafu."

"Na sasa?"

"Sasa wanatapatapa. Pilipili amezeeka, hawezi tena kumaliza..."

Nikageuka kuutazama wavu. Kitsao alinitazama tu, akaniacha nifike mwenyewe.

"Mwanzo aliwaletea mfu wajue harufu," akasema polepole. "Kisha nusu mfu, wajue anavyokwenda. Kwetu mbwa jike hafundishwi kufundisha. Kukimbiza wanakuja nako kutoka tumboni, hata mbwa mjinga akimbiza. Kungoja ndiko kwa mama. Mama mtu alikuwa aleta kitabu kila siku asubuhi, Mwakio, nawe kila siku asubuhi ukikifagia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie vipi? Ulisema mtu asikaribie mpaka aoshe miguu!"

Siku hiyo nililifungua lango la wavu. Filimbi niliitundika kwenye msumari. Ufagio nilimpa Kitsao, akaenda kuuficha mahali ambapo mpaka leo hajaniambia.

Msinielewe vibaya hapa. Panya ana maradhi. Wachanjeni mbwa wenu, vaeni glavu, na mdomo wa mbwa aliyeumwa na panya uoshwe kwa maji ya chumvi siku ile ile. Panya mfu asikae mpaka adhuhuri. Lakini asubuhi ni ya mama. Kaeni mbali mtazame.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nikaona nilichokuwa nimekifagia. Pilipili aliweka panya chini, akaondoa mguu, akakaa pembeni. Kamande aliporuka na kelele zake, panya akaponyoka, na mama akamsukuma Kamande kwa bega, akamrudisha panya, akaanza upya. Mara nne. Mara ya tano Kamande aliruka kimya. Dengu, ambaye kila mara alinitazama usoni kuniuliza afanye nini, polepole aliacha kunitazama, na nilisikia uchungu kidogo, nakiri. Kunde aligundua kwamba kuna kitu kinachotikisika vizuri kuliko kitambaa. Aliyenishangaza ni Pojo. Pilipili alilala mbele ya tundu moja ukutani saa nzima, na Pojo akalala naye, kidevu juu ya mguu wa mama, macho kwenye tundu. Miezi yote niliyoandika mvivu, mtoto alikuwa ameshafika darasa la mwisho peke yake.

Baada ya kazi Pilipili aliwazungusha godauni zima, mlolongo kama mabehewa: tundu hili, pembe ile, nyuma ya mizani, kisha kando ya chokaa mpaka ukutani, kisha uani. Sikuutilia maanani mzunguko huo. Nilikuwa nahesabu siku.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake Bwana Swaleh alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, akaomba ngazi, akapanda juu ya lundo la jirani, akakusanya kanzu kwenye magoti.

"Huku juu mbwa hawanifikii. Anzeni, bismillah."

Mfukoni nilikuwa na ramani niliyoichora, kila mbwa na mahali pake. Sikuitoa. Mahamali walishusha safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pilipili alichechemea akakaa kwenye pembe moja, na wanawe, bila mtu kusema neno, wakagawana pande zilizobaki. Hakuna aliyebweka. Ile mvua nyepesi ikaanza kusikika chini ya mbao.

"Bado safu moja," akanong'ona Kitsao. "Mwakio, pumua."

Gunia la mwisho likanyanyuliwa.

Dengu alikuwa wa kwanza: akakamata, akatikisa, akaangusha, akageuka. Kunde wawili. Kamande, yule wa kelele, alifanya kazi kimya kama fundi saa. Bwana Swaleh huko juu alikuwa amesahau heshima yake yote: "Huyo! Nyuma yako, Kunde! Kushoto! Aa, amempata, mashaallah!" Mahamali walipanda juu ya magunia wakishangilia, na mimi mdomo wangu niliufunga kwa mikono miwili.

Kisha akatoka panya dume mmoja mkubwa, mkia kama kamba ya ndoo, akapita katikati ya miguu ya Kamande na kukata ukumbi moja kwa moja kuelekea ofisini. Pojo nyuma yake, tumbo linagusa sakafu. Panya akauvuka mstari wa chokaa.

Pojo akasimama. Alisimama ghafla mpaka kucha zikalia sakafuni. Akakaa, pua yake kipimo cha kidole kimoja kutoka kwenye chokaa.

"Mwambie aingie!" akapiga kelele Bwana Swaleh. "Mwakio! Leo ruhusa! Nitaosha mimi mwenyewe, mchanga upo!"

"Pojo, ingia! Ingia, mama!"

Hata sikio hakuligeuza. Ndipo nilipoelewa ule mzunguko wa kila siku, mabehewa yale yaliyopinda kwenye chokaa. Kijiti changu hakikufundisha kitu. Walikuwa wamemfuata mama yao.

Kitsao akavua kiatu, akaingia ofisini mwenyewe. Tulisikia birika la kahawa linaanguka, vikombe vinafuata, na sauti yake: "Yu nyuma ya kabati! La, yu kwenye rafu! Wallahi huyu si panya, huyu ni karani!" Na panya, aliyezidiwa na kiatu, akarudi kwa njia ile ile aliyoingilia, kwa kasi ile ile.

Pojo alifungua mdomo tu. Panya akaja mwenyewe. Kushoto, kulia, basi.

Bwana Swaleh alishuka ngazi, akakaa kwenye kidato cha chini kwa usalama. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Mwakio. Adabu hii ya chokaa, ulimfunza wewe?"

Ulimi wangu ulitaka kusema ndiyo, wanangu. Ulikuwa umeshaanza. Kisha nikamwona Pilipili pembeni analamba mguu wake mbovu.

"La, bwana. Ni mama yao. Mimi nilikuwa nikifagia."

Hakuelewa, ikabidi Kitsao amweleze yote tangu sabuni ya waridi, na kwa muda hakuna hamali aliyeweza kunyanyua gunia kwa kucheka.

"Basi wakae," akasema Bwana Swaleh mwishowe. "Mama yao ndiye mwalimu mkuu. Nawe kaa, mwanangu, umsaidie."

Kwa hiyo Neema, usimtenge mtoto na mama yake mapema, na kama mama yupo karibu, mrudishe huko akatembee. Meno amezaliwa nayo. Subira ataipata kwake.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya lundo nilifika kazini mapema, nikapindua ndoo yangu nikae. Pilipili alikuja akichechemea, wanawe wanne nyuma yake. Alikuwa na panya mdomoni. Akawapita wanawe wote, akaja mpaka miguuni pangu, akamweka chini. Panya bado anatapatapa. Akaondoa mguu, akakaa pembeni, akanitazama.

Nilijirusha kwa mikono miwili. Nilimkosa.

Pojo akamrudisha, akamweka mbele yangu tena.